Acheni Mwalimu Apige Makofi

Mwaka jana nilimpeleka mwalimu wetu wa kwaya kusikiliza okestra. Sitataja ukumbi wala okestra yenyewe, maana wanamuziki hawakumkosea mtu. Walipiga vizuri na walistahili kila shilingi tuliyolipa, ingawa shilingi zenyewe zilikuwa nyingi kweli. Mwalimu ana miaka 64. Tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili amekuwa akitufundisha kuimba kwa sauti nne huku Eastlands, kwa chaki, ubao na karatasi za solfa ambazo ni kopi ya kopi ya kopi, hadi herufi zimeanza kufanana na madoa. Maishani mwake hakuwa amewahi kuketi mbele ya okestra nzima. Siku hiyo alivaa ile suti anayovaa kwa harusi za watu.

Ilikuwa Simfoni ya 7 ya Beethoven. Kama hujawahi kuisikia, sehemu ya kwanza inaishia kwa fujo tamu sana: fidla zinakimbia, pembe zinapaza sauti huko juu, halafu pa! kimya. Mwalimu akafanya kile ambacho mwili wowote wenye damu ungefanya. Akapiga makofi. Watu wachache huku na kule wakamfuata. Mama mmoja wa safu ya mbele yetu akageuka (na kabla hujaanza kuwaza mambo yako, si mzungu, ni mtu wetu kabisa), akaweka kidole mdomoni, akatabasamu lile tabasamu la kumsamehe mtoto, akasema, "Bado, mzee. Bado."

Mwalimu akaweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia kama mwanafunzi wa darasa la pili. Ikakaa huko nusu saa yote iliyobaki. Mwishoni ukumbi mzima uliposimama kushangilia, yeye alikuwa bado ameikalia. Nikamwinamia, nikamwambia, "Mwalimu, imeisha sasa." Akaniuliza, "Una hakika?"

Nilimsimulia rafiki yangu mmoja kisa hiki. Ni msee wa muziki kweli, amesoma piano tangu utotoni, na namheshimu. Akasema pole kwa mzee, lakini hiyo ndiyo hasara ya kufungulia kila mtu mlango. Muziki wa klasiki, alisema, ukiufanya wa kila mtu unashuka thamani: simu zinalia ukumbini, watu wanashangilia pasipofaa, na okestra zinabaki kurudia vipande vile vile vitano ambavyo kila mtu amevisikia kwenye filamu. Hoja hii nimeisikia mara nyingi, kutoka kwa watu wenye roho nzuri na kutoka kwa wenye maringo. Nataka kubishana nayo, na leo sitaki kubishana kwa adabu sana.

Tuanze na hayo makofi. Simfoni hiyo hiyo ya 7 ilipopigwa hadharani mara ya kwanza, Vienna, tarehe 8 Desemba 1813, Beethoven mwenyewe akiongoza, tamasha lilikuwa la kuchangia wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Watu waliipenda sehemu ya pili kiasi kwamba ilibidi irudiwe papo hapo, kabla ya kuendelea na ya tatu. Yaani waliikatiza simfoni kwa kelele zao, na aliyeitunga akakubali. Mozart naye, mwaka 1778 akiwa Paris, alimwandikia baba yake akijisifu kwamba ndani ya simfoni yake mpya alikuwa ameweka kipande alichojua kitawapagawisha wasikilizaji, na kweli wakapiga makofi katikati ya muziki, wala hata sehemu haijaisha. Alifurahi mpaka baadaye akaenda kula aiskrimu. Sijabuni, iko kwenye barua.

Kile kimya cha sasa ni desturi iliyokuja baadaye, karne ya 19 ikisonga, na mimi binafsi nakipenda. Sehemu ya pili ya hiyo simfoni inaanza na mlio mmoja wa vipulizwa unaofifia, na ningekasirika mtu akikohoa juu yake. Lakini basi tuseme ukweli: hiyo ni sheria ya nyumba, kama kuvua viatu mlangoni. Unaweza kumweleza mgeni kabla hajaingia. Yule mama alimfanya mzee aamini kwamba ameukosea muziki wenyewe. Hakuukosea. Aliuitikia jinsi watu wa 1813 walivyouitikia.

Sasa twende kwa Handel, kwa sababu huko ndiko Mwalimu anakotoka.

Kabla ya Messiah, Handel alikuwa amefanya biashara ya opera London kwa miaka mingi. Opera za Kiitaliano, waimbaji wa bei mbaya, hasara juu ya hasara. Mambo yalipokataa akageukia oratorio za Kiingereza: hadithi ambazo wasikilizaji wanazijua tayari, kwa lugha wanayoelewa, bila gharama ya mavazi na mapazia. Leo tungesema amejiuza. Messiah ilipigwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, na pesa zikaenda kwa hospitali na kuwakomboa watu waliofungwa kwa sababu ya madeni. Wadeni 142 walitoka jela. Matangazo yaliwaomba akina mama waje bila zile fremu pana za kutanulia gauni, na wanaume waache panga nyumbani, ili watu zaidi watoshee. Yaani mwanzo kabisa wa kazi hii, jambo la kwanza lililoombwa kwa wenye hadhi ni wabanane kidogo wengine wapate nafasi.

Na ilipofika London mwaka uliofuata, ukaanza uleule wimbo wa rafiki yangu. Watu walinung'unika kwamba maneno matakatifu yanaimbwa kwenye jumba la michezo, na waimbaji wa michezo, mbele ya yeyote mwenye nauli ya tikiti. Walisema imeshushwa. Miaka 280 na zaidi imepita na bado tunasubiri kuiona ikishuka. Mwaka 1789 Mozart aliichukua akaiongezea ala na kuiweka kwa Kijerumani kwa ajili ya wasikilizaji wa Vienna. Haikufa.

Lakini iliwezaje kutoka London hadi kwa ubao wa kanisa la Eastlands? Hapa nakaa kidogo, maana ndipo ilipo hoja yangu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike huko Norwich, Uingereza, Sarah Glover, aliyetafuta njia ya kuwafundisha watoto kuimba bila kupitia ile mistari mitano na vichwa vyake vyeusi. Mhubiri mmoja, John Curwen, akaichukua njia yake miaka ya 1840, akairekebisha, akaisambaza kwenye shule za Jumapili na kwa wafanyakazi wa viwandani: d, r, m, f, s, l, t. Herufi, nukta na vistari, basi. Unaweza kuichapa kwa mashine ya kawaida. Unaweza kuiandika kwa makaa ukutani. Wakati huohuo kampuni ya Novello ya London ilianza kuuza nota za Messiah kwa bei ambayo mtu wa kipato cha chini angeweza kuimudu. Wanamuziki waliosoma waliidharau solfa, wakaiona muziki wa vilema. Wamisionari wakaibeba hadi Afrika. Na tangu Kenya Music Festival ianze mwaka 1927, vizazi vya watoto wa Kenya vimesimama jukwaani na kuimba vipande vigumu vya sauti nne bila hata mmoja wao kuwa na piano nyumbani.

Najua wamisionari hawakuleta solfa peke yake, na najua kilichokatazwa kuimbwa ili hiyo iimbwe. Hayo yana makala yake na si hii. Ninachosema ni kwamba hakuna kitu kilichowahi "kushusha" muziki huu kuliko solfa. Ilitoa nota, ikatoa piano, ikatoa chuo cha muziki. Ikabakiza herufi saba na mwalimu mwenye chaki. Na matokeo yake ni kwamba kuna fundi wa magari mtaani kwetu anayeimba besi ya Haleluya yote kichwani, anajua ni wapi anaingia peke yake, ni wapi anawasubiri tena, ni wapi wote wananyamaza pamoja kabla ya ile Haleluya ya mwisho kabisa. Ukikosea hapo, ukaimba kwenye kile kimya, kwaya nzima itakucheka hadi Pasaka ijayo. Yule mama wa ukumbini anakijua kimya cha adabu. Huyu fundi anakijua kimya kilichoandikwa na Handel. Niambie nani kati yao ameushusha.

Sisemi kwamba muziki huu haushuki. Unashuka, na nitakwambia unashukia wapi.

Juzi nilikaa dakika 40 kwenye simu nikisubiri kuhudumiwa na ofisi fulani, na muda wote huo nilipigiwa vile vipimo vinane vya kwanza vya Für Elise, kwa sauti ya saa ya mkononi, vikakatika, vikaanza upya. Beethoven aliandika kipande chenye sehemu ya katikati ya hasira kabisa, yenye ngoma ya besi inayogonga kama mtu mlangoni. Mabilioni ya watu hawajui kwamba ipo. Hapo sawa, hapo ameshushwa. Na waliomshusha hawakuwa watu wa mtaa.

Au chukua ile hadithi ya Mozart na akili za watoto. Mwaka 1993 watafiti Marekani waliwasikilizisha wanafunzi wa chuo dakika 10 za sonata ya Mozart, na kwa kama robo saa hivi wakafanya vizuri zaidi kwenye jaribio la kukunja na kukata karatasi kwa mawazo. Wanafunzi wa chuo, robo saa, karatasi. Miaka mitano baadaye gavana wa Georgia, Zell Miller, alikuwa anaomba bajeti ya kumpa kila mtoto mchanga wa jimbo lake kaseti au diski ya muziki wa klasiki. Biashara nzima ikajengwa hapo: Mozart wa tumbo la mama, Bach wa kusomea, Chopin wa kulalia. Fungua simu yako sasa hivi utaipata orodha ya "klasiki ya kutuliza akili". Hakuna anayekuuliza kama umeusikia. Unakunywa kama dawa, mradi ufaulu mtihani.

Mbaya zaidi ni hii. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 vituo kadhaa vya treni London vimekuwa vikipiga muziki wa klasiki kwenye vipaza sauti ili vijana wasikae hapo. Maduka ya Marekani na Kanada yalianza mapema kuliko hapo. Yaani kuna mtu aliketi ofisini akawaza: vijana wanauchukia muziki huu, basi tuutumie kama dawa ya mbu. Rafiki yangu analia kwamba tukiwafungulia vijana mlango thamani itashuka. Huku wenye mlango wanatumia thamani hiyohiyo kuwafukuzia vijana.

Na harusi zetu je? Kila Jumamosi mpiga kinanda anamuingiza bibi harusi kwa ule mwendo wa Wagner, kutoka opera yake Lohengrin, na hakuna anayewaambia wahusika kwamba katika opera hiyo ndoa yenyewe inavunjika usiku uleule na bibi harusi anakufa mwishoni. Hii sina hasira nayo sana. Inanichekesha tu, na chakula cha harusi huwa kizuri.

Tofauti ninayoiona mimi haina uhusiano na wingi wa watu. Kuna kupewa chakula na kuna kunusishwa. Solfa ya Mwalimu inakupa kitu mkononi: unaweza kukiimba vibaya, ukasahihishwa, ukakibeba nyumbani, ukamfundisha mdogo wako, hata ukakibadilisha. Muziki wa kusubiri simu unakunusisha tu. Na ajabu ni kwamba wale wanaolinda hadhi hawajawahi kuandamana kwa sababu ya Für Elise ya simu. Wanaandamana mzee akipiga makofi.

Kuhusu kubadilisha, nikumbushe kitu kimoja. Wimbo wetu wa taifa ni bembelezo la Wapokomo. Mwaka 1963 kamati iliyokuwa na watu kama Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi ilichukua sauti aliyoitoa Mzee Meza Moroa Galana wa Tana River, ikaitia maneno mengine na kuipangia sauti za kwaya na bendi. Mama wa Kipokomo aliyekuwa akimlazia mtoto kwa wimbo ule sasa anausikia ukipigwa na tarumbeta za jeshi. Hakuna aliyeuliza kama bembelezo limeshushwa. Tulisema limepandishwa. Kumbe muziki wa kijijini ukienda ukumbini umepanda, muziki wa ukumbini ukija kijijini umeshuka? Ngazi ni ileile.

Lakini sijamaliza, maana upande wangu pia una watu wanaoniudhi.

Korogocho, kando ya jalala la Dandora, kuna Ghetto Classics, mradi wa Art of Music Foundation unaowafundisha watoto kupiga fidla, saksafoni, tarumbeta. Kinshasa kuna okestra ya Wakimbanguisti iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, rubani aliyejikuta hana ndege ya kurusha. Mwanzoni walikuwa na ala chache wakizipokezana. Leo wanapiga Simfoni ya 9 ya Beethoven, kwaya na kila kitu. Filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 iliwafanya wajulikane duniani.

Sasa soma wanavyoandikwa. Soma habari yoyote ya Korogocho na muziki. Aya ya kwanza ni moshi wa takataka. Ya pili ni ndege wale wanaozunguka jalalani. Ya tatu ni mtoto na fidla yake, macho yanang'aa. Ukienda ya Kinshasa utaambiwa umeme ulivyopotea na waya wa breki ya baiskeli ulivyofungwa kwenye fidla badala ya uzi. Nimesoma nyingi. Ni nadra sana kuona mwandishi akisema walipiga kipande gani, kwa kasi gani, kama vipulizwa viliingia pamoja, kama yule mwimbaji pekee alifika kwenye nota ya juu au aliidandia. Hakuna. Wanaandika kama vile mbwa ameonekana akiendesha gari: nani atauliza kama alitoa indiketa?

Hiyo ndiyo dharau kamili, imevaa nguo ya huruma. Rafiki yangu mwenye maringo angalau anaamini kuna kitu cha kufikiwa. Mwandishi wa moshi hatarajii chochote. Kwake yeye muziki huu ukipigwa na maskini si muziki tena, ni habari njema. Mtoto wa Korogocho aliyefanya mazoezi ya saksafoni miaka sita anastahili mtu mmoja wa kumwambia, "Pale katikati ulikuwa chini ya nota, rudi ukafanye kazi." Mwalimu wetu angemwambia. Sisi ametuambia miaka yote, tena na chaki ameturushia.

Halafu kuna wale wa kutukatia. "Vijana hawana subira, tuwape dakika tatu." Wewe ambaye umekaa dakika 120 ukitazama timu yako ikipigwa kwa penalti? Wewe uliyemaliza mfululizo mzima usiku mmoja ukijua kesho ni kazi? Wanaokesha kanisani Ijumaa hadi alfajiri, wakiimba? Subira tunayo tele. Tunachokosa ni nauli ya kufika ukumbini na mtu wa kutuambia kwamba sehemu ni nne, kaa, ya pili ndiyo utaipenda. Tupeni nzima. Tukilala, si tumelala? Hata huko Vienna walikuwa wanalala.

Nirudi kwa Mwalimu.

Tulipanda mat za kwenda nyumbani kama saa nne usiku. Hakusema kitu hadi tulipopita Stadium. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi, kana kwamba ukumbi ule ni wa babangu. Ghafla akanigonga goti.

"Ile ya pili," akasema. "Umeona alivyofanya?"

"Nani, Mwalimu?"

"Beethoven. Ameanza na besi."

Akaanza kunipigia kwa vidole kwenye kiti cha mbele: ndefu, fupi-fupi, ndefu, ndefu. Nota moja, inarudiwa rudiwa, huko chini kabisa. Halafu, akasema, zile fidla za pili zinaupokea wimbo uleule, na wale wa chini hawanyamazi, wanaanza wimbo mwingine chini yake. Halafu fidla za kwanza. Sauti moja moja, kutoka chini kwenda juu, hakuna anayeingia kabla mwenzake hajashika.

"Miaka 40 wananiuliza kwa nini nafundisha besi kwanza," akasema. "Sopurano wananuna, wanasema nawachelewesha."

Kondakta akataka nauli. Mwalimu akanizuia mkono, akalipa yeye, ya wawili. Akarudi kwa vidole vyake, sasa akiimba ule wimbo wa pili, wa chini, kwa solfa, kwa sauti ya kutosha kabisa, msichana aliyekuwa mbele yetu akatoa kifaa kimoja cha masikioni ili asikie. Aliusikia mara moja tu, ukumbini, mikono ikiwa chini ya mapaja, na alikuwa nao wote hadi mwisho.

Mwezi ujao okestra ileile inapiga tena. Tumechanga, tunaenda watu 11 wa kwaya. Sopurano wote wanataka kukaa mbele.